Penzi la Wasiokufa: Kilichoogopwa Si Mauti

Hadithi za binadamu kupendwa na kiumbe asiyekufa siku hizi husomwa kama huzuni ya umri: huyu atazeeka, yule atabaki kijana. Katika maandishi ya kale, hata hivyo, uchungu hauko hapo hasa. Watunzi wa zamani walitishwa zaidi na nguvu isiyolingana. Kibao cha sita cha utenzi wa Gilgamesh, ulioandikwa kwa Kiakadi huko Mesopotamia, kinasimulia jinsi mungu wa kike Ishtar alivyomposa mfalme wa Uruk. Gilgamesh, ambaye baadaye atahangaika hadi mwisho wa dunia akitafuta kutokufa, anamkataa katakata, tena kwa kuwataja wapenzi wa Ishtar waliotangulia: Tamuzi huombolezwa kila mwaka, ndege kavunjwa bawa, mchungaji kageuzwa mbwamwitu anayefukuzwa na mbwa wake mwenyewe. Hakuna hata mmoja aliyekuwa na pa kushtaki.

Wagiriki hawakuwa mbali na fikra hiyo. Katika utenzi wa Odyssey, mungu wa kike Calypso anakaa na Odysseus kisiwani miaka saba na kumwahidi uhai usio na uzee wala kifo. Mwanamume anakiri kuwa mkewe Penelope hamfikii huyu kwa uzuri, lakini anataka kwao. Mfano mkali zaidi ni Tithonus. Eos, mungu wa alfajiri aliyempenda binadamu huyu, alimwombea kwa Zeus asife, akasahau kumwombea ujana. Alipochakaa hata asiweze kuinua mkono, alifungiwa chumbani, ikabaki sauti tu. Msomaji wa leo huona kosa la kusahau. Lakini katika simulizi hiyo ya kale, Tithonus hakuulizwa lolote: ombi, kosa na mlango uliofungwa vyote vilikuwa vya Eos.

Mtu atasema hizi ni hofu za wanaume mbele ya wanawake wenye mamlaka. Zimo, sikatai. Ila Semele alikuwa mwanamke, mpenzi wake Zeus, na bado ndiye aliyeteketea kwa radi ya mpenzi huyo. Wengine watamtaja Ariadne, ambaye mshairi Hesiod anasema Zeus alimfanya asife wala asizeeke kwa ajili ya mumewe Dionysus. Ni kweli, lakini Hesiod anampa mistari michache tu, na hata humo zawadi imetolewa kamili, pande zote mbili.

Simulizi ndefu yenye mwisho mwema tunaipata kwa Apuleius, Mwafrika wa Madauros, katika Algeria ya leo, aliyeandika karne ya 2 baada ya Kristo. Psyche, binadamu aliyependwa na mwana wa mungu wa kike Venus, anateswa na mkwewe huyo kwa kazi zisizowezekana, kisha Jupiter anaitisha baraza la miungu na kumnywesha kinywaji cha kutokufa. Hotuba yake inamtuliza Venus kwa hoja ya kisheria kabisa: ndoa hii haitakuwa tena ya wasiolingana hadhi.