Seva ya Mafaili na Haki ya Kompyuta ya Nyumbani

Itifaki ya kuhamisha mafaili, ijulikanayo kwa kifupi kama FTP, ni kanuni ambazo kompyuta mbili huzifuata ili moja itoe faili na nyingine ilipokee. Ilipendekezwa mwezi Aprili 1971 na Abhay Bhushan, mzaliwa wa India aliyekuwa katika chuo cha MIT nchini Marekani, wakati mtandao wa ARPANET ulipokuwa ukiunganisha kompyuta chache za vyuo na taasisi za utafiti, ambazo kila moja iliweza kutoa na kupokea bila kupitia kwa mwingine.

Toleo la Oktoba 1985, lililoandikwa na Jon Postel na Joyce Reynolds, ndilo lililodumu. Mteja, yaani kompyuta inayoomba, hufika kwenye lango namba 21 la seva, yaani kompyuta inayotunza mafaili, na kutuma neno USER pamoja na jina la mtumiaji. Seva hujibu 331, maana yake nywila inahitajika. Nywila ikikubaliwa, hujibu 230, na faili lenyewe hupita katika njia ya pili iliyotengwa kwa data. Kwa kuwa waliotumia mtandao huo walikuwa wachache na waliaminiana, nywila ilisafiri wazi bila kufichwa. Seva nyingi hata zilimkaribisha yeyote asiye na akaunti, na kwa njia hiyo, Septemba 1991, toleo la kwanza la mfumo endeshi wa Linux wa Linus Torvalds liliwekwa kwenye seva ya Finland ili kila atakaye alichukue.

Intaneti ilipoingia majumbani, ule usawa wa kila kompyuta kutoa na kupokea ulipungua. Kwa sababu anwani za mtandao zilikuwa haba, kompyuta zote za nyumba moja zilianza kutumia anwani moja ya nje kupitia ruta, huku zenyewe zikipewa anwani za ndani, kama zile zinazoanza na 192.168, ambazo mtu wa nje hawezi kuzifikia. Kwa hiyo anayeweka seva ya FTP nyumbani hulazimika kuiagiza ruta ipitishe lango la 21 hadi kwenye kompyuta yake, kisha afungue malango mengine kwa ajili ya ile njia ya data, jambo ambalo wengi hulisahau, wakabaki na seva inayopokea nywila lakini haionyeshi faili hata moja.

Udhaifu wa nywila kusafiri wazi ulipata tiba mwaka 1995, Tatu Ylönen wa Finland alipobuni SSH baada ya nywila kudukuliwa katika mtandao wa chuo chake. SFTP, iliyojengwa juu ya SSH, husimba kila kitu na kwa kawaida huhitaji lango moja tu, la 22. Vivinjari vikubwa viliiacha FTP mwaka 2021, na ilistahili kuachwa. Kisichostahili kuachwa ni msingi wake, kwamba kompyuta ya mtu yeyote ina haki ya kutoa na si kupokea tu, na anayeweka SFTP nyumbani kwake anaulinda msingi huo kwa vitendo.