Mubarak Bombay, mnyapara aliyewafikisha wagunduzi

Mwanzoni mwa 1871 Henry Morton Stanley, mwandishi wa gazeti la New York Herald, alikuwa Unguja akikusanya watu wa kwenda naye bara kumtafuta Dk. David Livingstone. Alitaka hasa wale waliowahi kutembea na mgunduzi John Hanning Speke, na wao wakamwambia kwamba kiongozi wao yuko Pemba, akiitwa, atakuja. Akaja. Stanley alimkuta mtu wa umri wa kama miaka hamsini, kichwa kimeanza mvi, paji la uso limepanda juu, mdomo mpana, na mbele kwenye meno pengo kubwa. Pengo hilo, aliandika Stanley, ni kazi ya ngumi ya Speke, siku subira ilipomwishia bwana huyo huko Uganda.

Mwenye pengo alikuwa Sidi Mubarak Bombay. Kufikia siku hiyo alikuwa ameshafika Ziwa Tanganyika, ameshafika Ziwa Nyanza (Victoria), na ameshauteremka Mto Nile hadi Misri. Miaka minne baadaye angeiona na Bahari ya Atlantiki. Mabwana aliowatumikia walipata sifa, vyeo na majina kwenye ramani. Wote walimlalamikia katika vitabu vyao, na kila aliyefuata, baada ya kuyasoma malalamiko ya aliyemtangulia, alimtafuta yuleyule.

Alizaliwa karibu 1820 katika nchi ya Wayao, sehemu ambazo leo ni mpaka wa Tanzania na Msumbiji. Habari za utoto wake tunazipata kwa sababu alimsimulia Speke, naye akaziandika. Mama alikufa yeye angali mdogo mno, hata sura yake haikumbuki vizuri. Akiwa kijana wa miaka kama 12, wafanyabiashara walifika kijijini kwao na watu wenye bunduki, wakidai kuna deni halijalipwa. Wanakijiji walikimbia huku na huku. Mtoto akakamatwa, akaswagwa hadi Kilwa pamoja na mateka wenzake, akauzwa kwa nguo.

Kutoka Kilwa alifikishwa Unguja, na kutoka Unguja akavushwa bahari hadi India na bwana aliyemnunua. Huko alikaa miaka mingi, akajifunza Kihindustani, na akarudi na jina la mji ambalo lingemganda maisha yake yote. Hata hilo "Sidi" ni la huko: ndivyo Wahindi walivyowaita watu wenye asili ya Afrika. Bwana wake alipofariki, Mubarak alipata uhuru wake. Hakurudi Uyao. Alirudi Unguja, akajiandikisha katika jeshi la Sultani, akapangwa na askari wa Kibaluchi katika ngome ya Chogwe, karibu na Mto Pangani.

Ni hapo Chogwe, mapema 1857, alipokutana na Waingereza wawili, Richard Burton na Speke, waliokuwa wakielekea Fuga, Usambara, kujaribu miguu kabla ya safari kubwa. Burton alikuwa bingwa wa lugha, Kiarabu kwake kilikuwa maji. Speke hakujua Kiarabu wala Kiswahili. Alichokuwa nacho ni Kihindustani cha kuokoteza alichokipata jeshini India. Katika ngome nzima ya Chogwe, mtu wa kuongea naye alikuwa huyu askari Myao. Walielewana, na safari kubwa ilipoondoka pwani Juni 1857, Mubarak alikuwemo.

Msafara wa siku zile haukuwa matembezi ya Wazungu wawili na mahema yao. Ulikuwa mji unaotembea. Mbele alitangulia kirangozi, amevaa joho jekundu na kushika bendera nyekundu ya Sultani. Nyuma yake walifuata wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, kila mmoja na mzigo wa kama frasila mbili, yaani zaidi ya kilo 30, begani au kichwani. Mizigo yenyewe ilikuwa ndiyo fedha ya njiani: majora ya merikani na kaniki, shanga na waya wa shaba. Shanga zinazogombaniwa katika nchi moja zilikataliwa katika nchi ya pili, na asiyejua mitindo ya kila mahali aliweza kufa njaa huku ana utajiri mgongoni. Kila mtawala alidai hongo kabla ya kuwapisha, na hongo haikuwa na bei. Ilijadiliwa siku mbili, siku tatu, mpaka pande zote ziridhike.

Mjadala huo ndio uliokuwa kazi ya mnyapara. Yeye ndiye aliyekwenda kwa mtawala na zawadi, aliyegawa posho, aliyewabembeleza wapagazi waliotaka kutua mizigo na kutoroka, na aliyejibu kwa bwana pale nguo zilipopungua. Mubarak aliianza safari ya 1857 akiwa mtumishi wa bunduki wa Speke. Miaka mitatu baadaye alikuwa miongoni mwa wanyapara.

Burton na Speke walifika Kazeh, mtaa wa Waarabu palipo Tabora ya leo, Novemba 1857, na Ujiji Februari 1858. Speke alifika akiwa karibu haoni kwa ugonjwa wa macho. Burton alikuwa hawezi kutembea. Waliporudi Kazeh, Burton alibaki kuuguza mwili wake na Speke akaenda kaskazini na kikosi kidogo, Mubarak akiwa mkalimani. Tarehe 3 Agosti 1858, karibu na palipo Mwanza ya leo, Speke aliliona ziwa lililotanda hadi upeo wa macho. Aliwauliza wenyeji linaishia wapi. Akaamua, palepale, kwamba hiki ndicho chanzo cha Nile, na akalipa ziwa jina la malkia wake.

Burton hakukubali, na hoja yake ilimgusa Mubarak moja kwa moja. Speke, alisema, aliuliza maswali yake kwa Kihindustani kibovu. Bombay akayaelewa nusu, akayageuza kwa Kiswahili chake. Msafiri mwingine akayachukua na kuyatia katika lugha ya wenyeji. Majibu yakarudi kwa njia hiyohiyo, yakichujwa mara tatu. Je, huo ni ushahidi wa kijiografia?

Ilikuwa kejeli, lakini ndani yake mlikuwa na ungamo ambalo Burton hakulikusudia. Jambo kubwa kuliko yote katika jiografia ya karne ile, swali lililowashughulisha Wazungu tangu enzi za Wagiriki, lilikuwa limepita katika kinywa cha mtu mmoja aliyeuzwa kwa nguo huko Kilwa. Septemba 1864 Burton na Speke walitarajiwa kulumbana hadharani mjini Bath, Uingereza. Siku moja kabla ya mdahalo Speke alikufa kwa risasi ya bunduki yake mwenyewe akiwa mawindoni. Mkalimani wa mazungumzo yale ya Mwanza alikuwa hai, lakini hakuna aliyemwita Bath.

Kabla ya kifo hicho, Speke alikuwa amerudi Afrika Mashariki mara nyingine, safari hii na James Grant. Waliondoka pwani mwishoni mwa 1860. Mubarak aligawana unyapara na mtu aitwaye Baraka, na wawili hao walishindana mno, kila mmoja akitaka neno lake ndilo lisikike kwa bwana. Katika safari hiyo ndimo zilimopigwa ngumi. Ulizuka ubishi kambini, Mubarak akakataa amri, Speke akampiga kichwani kwa mkono wake mwenyewe. Mubarak alisema hatatumika tena, akaondoka. Baadaye walisuluhishwa. Speke aliyasimulia haya yote katika kitabu chake, na akajitetea kwamba alimpiga mwenyewe ili asimdhalilishe kwa kuwaagiza walio chini yake wamchape.

Msafara ulikaa Karagwe kwa Mfalme Rumanika, ukapita Buganda kwa Kabaka Mutesa, na tarehe 28 Julai 1862 Speke akasimama mahali maji ya Nyanza yanapotoka na kuwa Nile, palipo Jinja leo. Maporomoko aliyaita Ripon, jina la bwana mkubwa wa London. Maporomoko hayo yalizama 1954 bwawa la umeme lilipojengwa; jina la ziwa limebaki. Februari 1863 msafara ulifika Gondokoro, na kutoka hapo ukateremka hadi Kairo. Huko wale waliovumilia hadi mwisho walipigwa picha, na mchoro wake ukatiwa katika kitabu cha Speke, kabla hawajarudishwa Unguja kwa meli. Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia ya London ilimtunuku Mubarak nishani ya fedha.

Watu hawa wa misafara wa Unguja, wengi wao waliowahi kuwa watumwa, walijiita Waungwana. Wazungu waliandika "Wangwana" bila kujali sana maana yake. Lakini kila Mswahili anajua uzito wa neno hilo. Mtu aliyeuzwa sokoni Kilwa, akishavaa kanzu safi, akashika bunduki na kuongoza watu mia kwenda bara na kurudi, alikuwa anadai heshima ambayo pwani iliwapa waliozaliwa huru.

Stanley alimpa Mubarak ukuu wa askari wa msafara wake, uliokuwa na watu karibu 190 waliogawanywa katika makundi matano kutoka Bagamoyo. Naye alimlaumu kwa uzembe, kwa vitu vilivyopotea, kwa kuwatetea wapagazi. Alimpiga pia. Hata hivyo, vita vya Mirambo, mtawala wa Kinyamwezi, vilipofunga njia ya Tabora, na askari walipoasi njiani, msafara haukuvunjika, na mwishoni mwa 1871 uliingia Ujiji kwa mizinga ya bunduki na bendera juu. Aliyetoka mbio kuwalaki, na kumwamkia Stanley kwa Kiingereza, alikuwa Abdullah Susi, mtumishi wa Livingstone.

Susi na mwenzake James Chuma, Myao kama Mubarak, walikutana na mzee huyo tena Tabora, Oktoba 1873, katika siku ngumu zaidi. Mubarak alikuwa mnyapara wa Verney Lovett Cameron, luteni wa jeshi la majini la Uingereza aliyetumwa kumpelekea Livingstone msaada. Chuma alitangulia na habari: Livingstone alikufa Mei mwaka ule kwa Chitambo, katika Zambia ya leo. Moyo wake walikuwa wameuzika chini ya mti. Mwili wakaukausha kwa chumvi na jua, wakaufunga kwa gome la mti, na wanaubeba kuelekea pwani. Cameron alishauri azikwe hapohapo Tabora. Walikataa. Mbele zaidi walijifanya wameurudisha mwili Tabora, kumbe wameufungasha upya kama jora la nguo, kwa kuwa kuna nchi zisizoruhusu maiti kupita. Walifika Bagamoyo Februari 1874 baada ya mwendo wa kilomita zipatazo 1,600. Aprili 18 Livingstone alizikwa Westminster Abbey, na mbele ya jeneza alikuwepo mwenzao mmoja, Jacob Wainwright. Chuma na Susi waliitwa Uingereza baadaye, mazishi yameshapita.

Cameron angeweza kurudi. Livingstone, ambaye alitumwa kumwokoa, alikuwa amekufa. Aliamua kusonga mbele, na Mubarak, aliyekaribia sasa miaka 55, akaenda naye. Wakapita Ujiji, wakavuka Ziwa Tanganyika, wakafika Nyangwe kwenye Mto Lualaba Agosti 1874, wakakata nchi za Waluba na kuingia Angola. Cameron aliandika kuwa mnyapara wake amenenepa, amechoka, na anapenda pombe. Novemba 1875 walitokeza katika mwambao wa Atlantiki, karibu na Benguela. Vitabu vinamtaja Cameron kuwa Mzungu wa kwanza kuikata Afrika ya ikweta kutoka mashariki hadi magharibi. Neno "Mzungu" katika sentensi hiyo lina kazi kubwa, maana alifika na Waungwana wake.

Mwaka 1876 Jumuiya ya London ilimpa Mubarak pensheni. Chuma aliendelea na unyapara katika safari ya Keith Johnston na Joseph Thomson mwaka 1879, akafa Unguja 1882; Susi alikwenda Kongo na Stanley, akafa 1891. Hakuna hata mmoja kati yao aliyeandika kitabu chake. Maneno yao tunayasoma kwa kalamu za mabwana zao, yamekatwakatwa na mara nyingi yametiwa kicheko. Mwaka 2009 jumuiya ileile ya London iliandaa maonyesho kuhusu watu kama hawa, waliofichwa na historia za ugunduzi, ikitumia picha na hati ilizokuwa nazo muda wote kwenye makabati yake.

Mubarak Bombay alifariki Oktoba 1885. Februari ya mwaka huohuo Mfalme wa Ujerumani alikuwa ametia mkono hati ya kuziweka Usagara, Unguu, Uzigua na Ukami chini ya ulinzi wake, na Agosti manowari za Kijerumani zilitia nanga Unguja kumlazimisha Sultani Barghash akubali. Nchi hizo ndizo zilizokuwa mlangoni mwa njia ya misafara ya Bagamoyo, ile aliyoifuata Mubarak kwenda bara na kurudi kwa miaka 18.