Kutoka Chumba cha Habari hadi Muswada wa Filamu: Ben Hecht na Suala la Jina la Mwandishi

Wanahistoria wa filamu ya Marekani wamezoea kumtaja mwongozaji kana kwamba ndiye mtunzi pekee wa kazi. Makala haya yanamwangalia mtu aliyekuwa upande wa pili wa desturi hiyo: Ben Hecht (1894–1964), mwanahabari wa Chicago aliyegeuka mwandishi wa miswada ya filamu. Hoja yetu ni kwamba Hecht hakuuacha uanahabari alipokwenda Hollywood. Aliuhamisha, pamoja na ubora wake na ila zake.

Hecht alizaliwa New York, akakulia Racine katika jimbo la Wisconsin, na mwaka 1910 akaingia katika gazeti la Chicago Daily Journal akiwa bado kijana. Hapo mwanzo hakupewa kazi ya kuandika. Alitumwa majumbani mwa wafiwa kutafuta picha za marehemu ambao habari zao zilikuwa zikichapishwa, na kwa maelezo yake mwenyewe, picha iliponyimwa iliibwa. Ni vigumu kulisoma jambo hili bila kuona aibu kwa niaba ya taaluma, lakini ndiko alikojifunza kuingia katika maisha ya watu kwa haraka na kutoka na kile alichokitaka. Baadaye alijiunga na Chicago Daily News, lililomtuma Berlin baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Kuanzia mwaka 1921 aliliandikia gazeti hilo safu ya visa vifupi kuhusu watu wa jiji, ambayo sehemu yake ilitolewa kama kitabu mwaka 1922.

Mwaka 1926 au karibu na hapo, Herman Mankiewicz, ambaye naye alitoka magazetini, alimpelekea simu ya maandishi akimwita Hollywood, kwa hoja kwamba fedha zilikuwa tele na washindani walikuwa wajinga. Hadithi aliyoiandika huko, Underworld (1927), ilimpatia Tuzo ya Akademia katika hafla ya kwanza kabisa ya tuzo hizo, mwaka 1929. Inasemekana kwamba alipoona jinsi mwongozaji Josef von Sternberg alivyoibadili, aliomba jina lake liondolewe.

Kilichomjenga zaidi ni ujio wa sauti. Studio zilihitaji watu waliojua namna watu wanavyosema, si namna wanavyoandika, na sikio hilo lilikuwa limenolewa katika mahakama na vituo vya polisi vya Chicago. Tamthilia ya The Front Page (1928), aliyoiandika na Charles MacArthur, mwanahabari mwenzake, ni ushahidi mzuri. Wahusika wake ni waandishi wa habari wanaodakizana, wanaosema na simu na wenzao kwa wakati mmoja, wala hawangoji zamu. Howard Hawks alipoigeuza kuwa His Girl Friday (1940), alimfanya mwandishi Hildy kuwa mwanamke na kuuongeza mwendo wa usemezano. Mwendo wenyewe, hata hivyo, ulikuwamo tayari katika matini.

Mtafiti hana budi kuwa mwangalifu na tawasifu yake, A Child of the Century (1954). Humo anadai kwamba kwa ajili ya Scarface alitaka kulipwa dola 1,000 kwa siku, fedha taslimu, kila jioni. Kisa kinapendeza mno. Mtu aliyezoea kukipamba kisa cha gazeti hakuiacha tabia hiyo alipoandika habari zake mwenyewe. Yapo mengine yaliyo na uthabiti zaidi: aliitwa kuunusuru muswada wa Gone with the Wind (1939) pasipo kuisoma riwaya yenyewe, na filamu ilipotoka, jina lililoandikwa lilikuwa la Sidney Howard.

Kwa miaka mingi, basi, kutotajwa kulikuwa sehemu ya biashara yake, na pengine hata faraja, kwani alizidharau nyingi kati ya filamu alizoziandika. Hali ilibadilika mwaka 1947, alipotoa tangazo magazetini la kuwaunga mkono Wayahudi waliokuwa wakipigana na utawala wa Uingereza huko Palestina. Mwaka uliofuata wenye majumba ya sinema ya Uingereza walizisusia kazi zake. Studio zilizotaka kuuza filamu huko zililiondoa jina lake, na ujira wake ukashuka. Safari hii si yeye aliyeomba lifutwe.