Asili ya Jina na Ukoo wa Chaucer

Mintarafu ya nasaba ya Geoffrey Chaucer, mshairi wa Kiingereza aliyefariki mwaka 1400, maneno mengi yalisemwa kabla hati za mahakama hazijafunguliwa. Katika karne ya 16 John Leland aliandika kwamba mshairi huyo alizaliwa katika nyumba ya watu watukufu. Mwaka 1598 Thomas Speght alitoa chapa ya kazi za Chaucer, na ndani yake akatia mchoro wa kizazi chake uliofanywa na John Speed. Mchoro huo hushuka mpaka kwa wakuu wa Suffolk. Yamkini hapo ndipo penye kiini cha kosa: wajukuu walipata cheo, na cheo chao kikatiririshwa nyuma, mpaka kikawafikia mababu ambao hawakukijua.

Hati zasema habari nyingine. Tarehe 19 Juni 1381 Chaucer aliacha haki yake katika nyumba moja ya mtaa wa Vintry, ambako wauza mvinyo wa London walikaa karibu na mto Thames. Katika hati ile alijitaja kwa Kilatini kuwa ni mwana wa John Chaucer, muuza mvinyo wa London. Kwa sentensi hiyo moja kamba yote ya nasaba hushikwa.

Walakini kupanda kutoka kwa John si kazi nyepesi. Mtu afuataye jina peke yake hufika kwa Richard Chaucer, naye muuza mvinyo, aliyekufa mwaka 1349, akamhesabu kuwa babu wa mshairi. Naye si babu. Mary, mama yake John, aliolewa mara tatu: kwanza na John Heyron, kisha na Robert Chaucer, na mwisho na Richard huyu. Mwaka ule ule wa 1349 John alikuwa msimamizi wa wosia wa Thomas Heyron, akamwita Thomas ndugu yake. Ndugu wawili wenye majina mawili, mama mmoja. Hivyo baba wa John ni Robert, na Richard ni baba wa kambo.

Uthibitisho ulio mkubwa kuliko wote ulitokana na udhalimu. Mwezi wa Desemba 1324 John, ambaye alikuwa hajatimiza miaka 14, alichukuliwa kwa nguvu. Aliyeongoza jambo hilo alikuwa shangazi yake, Agnes wa Westhale, pamoja na Geoffrey Stace na wenzao. Walikusudia kumwoza kwa Joan, binti wa Agnes, ili mali ya Ipswich isitoke mikononi mwao. Ndoa haikupatikana. Richard na Mary walishtaki, na mahakama ikawatoza wakosaji fidia ya paundi 250. Washtakiwa hawakunyamaza, walilalamika kwamba mali yenyewe haikuzaa zaidi ya shilingi 20 kwa mwaka. Kama hesabu yao ilikuwa ya kweli, fidia ilikuwa sawa na pato la miaka 250! Lakini kwa mtafiti wa nasaba, kesi hiyo ni hazina. Bila ya tamaa ya Agnes, umri wa John, mji wa asili yake, na udugu wa Agnes na Robert vingekuwa vigumu kuthibitishwa.

Sasa lakabu yenyewe. Chaucer ni neno la Kifaransa lililoingia Uingereza pamoja na watawala wa Kinormani, nalo maana yake ni mshona viatu au mavazi ya miguu. Hata hivyo Robert hakushona viatu; yeye na mwanawe walikuwa watu wa mvinyo, na mwaka 1310 Robert alikuwa mkusanyaji wa ushuru wa mvinyo katika bandari ya London. Baba yake aliitwa Andrew wa Dinington, kwa jina la kijiji cha Suffolk, na pengine Andrew mwenye kilabu. Robert naye huonekana mahali pengine akiitwa Robert wa Dinington, na pengine Robert Malyn le Chaucer. Je, jina la viatu lilitoka wapi?

Jibu lililo na nguvu zaidi lilitolewa na Lister Matheson mwaka 1991. Kulikuwa London na mfanyi biashara ya nguo aitwaye John le Chaucer, aliyekufa mwaka 1302. Robert alikuwa mtumishi wake katika kazi, na baada ya kifo cha bwana akashika jina lake. Jambo hilo halikuwa la ajabu. Miongoni mwa waliomchukua mtoto John mwaka 1324 alikuwamo Laurence, ambaye lakabu yake kwa Kiingereza ilikuwa na maana ya mtu wa Geoffrey. Yaani aliitwa kwa bwana wake. Lakabu za siku zile zilikuwa bado hazijaganda. Zilihama pamoja na kazi, makao na utumishi, na mtafiti azichukuaye kuwa ni damu atapotea njia.

Baada ya Robert jina lilikaa. John aliishika kazi ya mvinyo hata akawa naibu wa mnyweshaji wa mfalme bandarini Southampton, akafariki mwaka 1366. Geoffrey aliingia katika utumishi wa mfalme. Mwanawe Thomas alikuwa Spika wa Bunge la Wakomuni mara kadhaa, akafa mwaka 1434. Na kaburini pake huko Ewelme nembo zilizotukuzwa ni za jamaa za mama na mke, wala si za wauza mvinyo. Binti yake Alice aliolewa na William de la Pole, Duke wa Suffolk, ambaye ukoo wake nao uliinuka kutoka kwa wafanyi biashara ya sufu wa Hull. Mjukuu wao John, Earl wa Lincoln, ambaye mama yake alikuwa dada wa wafalme wawili, aliuawa vitani huko Stoke mwaka 1487.