La Sape: Watanashati wa Kongo na gharama ya suti

KATIKA mtaa wa Bacongo, jijini Brazzaville, si ajabu kumwona mkazi wa chumba cha kupanga akitoka Jumapili jioni akiwa amevalia suti ya kifahari, viatu vinavyong'aa na kiko mdomoni, ambacho huenda hakina hata tumbaku. Huyo huitwa sapeur, mfuasi wa La Sape, kifupisho cha maneno ya Kifaransa yenye maana ya Jumuiya ya Wachangamfu na Watu Watanashati.

Chimbuko lake ni enzi za ukoloni, ambapo watumishi wa nyumbani walipewa nguo kuukuu za mabwana zao, wakati mwingine badala ya ujira. Miongoni mwa wanaohesabiwa kuwa watangulizi ni André Matsoua, aliyeanzisha chama cha Waafrika mjini Paris mwaka 1926 na kufia gerezani mwaka 1942 kwa kuupinga utawala wa Ufaransa.

Ng'ambo ya Mto Kongo, mjini Kinshasa, suti ilipata uzito mwingine. Katika miaka ya 1970, Rais Mobutu Sese Seko alipiga marufuku suti na tai za Kizungu, na wanaume wakatakiwa kuvaa abacost, vazi ambalo msomaji wa Afrika Mashariki angeliona kuwa ndugu wa Kaunda suti. Jina hilo lilitokana na maneno ya Kifaransa yanayomaanisha "suti na ianguke". Kwa hiyo kijana aliyefunga tai alikuwa anakaidi amri, bila hotuba wala bango. Marufuku hiyo iliondolewa mwaka 1990.

Aliyeueneza utamaduni huo kwa muziki ni Papa Wemba, mmoja wa waanzilishi wa Zaiko Langa Langa mwaka 1969, ambaye mwaka 1977 aliunda Viva la Musica katika mtaa wa Matonge. Aliwataka vijana wanyoe vizuri, wawe safi na wanukie, hata kama mifuko yao ni mitupu.

Masapeur wana miiko yao. Brazzaville huzingatia kutovaa zaidi ya rangi tatu kwa pamoja. Kinshasa hupenda vituko zaidi, ikiwamo mavazi ya wabunifu wa Kijapani kama Yohji Yamamoto. Mwendo nao hufanyiwa mazoezi, na ugomvi ni aibu. Hata hivyo, adabu hiyo haikuinusuru Bacongo, ambayo mapigano ya Desemba 1998 yaliwakimbiza wakazi wake.

Gharama ndiyo doa la utamaduni huu. Suti moja yaweza kumeza akiba ya miezi mingi katika nyumba isiyo na maji ya bomba, na wakosoaji wana haki ya kuuliza watoto wanakula nini. Kwa wengi, ndoto ilikuwa kufika Paris na kurejea na masanduku ya nguo. Mwaka 2004 mahakama ya Ufaransa ilimtia hatiani Papa Wemba mwenyewe kwa kuwasaidia watu kuingia nchini humo kinyume cha sheria, wakijifanya wanamuziki wake.

Mwanamuziki huyo alianguka jukwaani mjini Abidjan na kufariki dunia Aprili 24, 2016. Siku hizi wamo pia wanawake, wanaovaa suti na tai zilezile za wanaume. Na kila Februari 10 masapeur wa Kinshasa hukusanyika katika makaburi ya Gombe, kwenye kaburi la Stervos Niarcos, aliyeuita utamaduni huo dini ya nguo na kufariki mwaka 1995.