Kisiwa cha Maziwe: Funzo kwa Tunaoishi Pwani

Ukifika Pangani waulize wazee habari za Maziwe. Kilikuwa kisiwa cha mchanga chenye mivinje, na kasa walitaga huko. Mivinje ikakatwa, mchanga ukakosa mizizi ya kuushika, mawimbi yakaula. Kufikia miaka ya 1980 kisiwa kilikuwa kimezama. Leo ni fungu tu, huonekana maji yakipwa.

Kwa hiyo usikate mikoko wala mivinje, na usichote mchanga wa ufukweni kwenda kuuza. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Kabla ya kununua kiwanja au kujenga banda la samaki, pima kwanza. Bahari hailipi fidia.