SMB na hitilafu za kushirikiana mafaili

SMB ni itifaki inayoiwezesha kompyuta moja kufungua folda iliyo kwenye kompyuta nyingine. Ilibuniwa na Barry Feigenbaum wa IBM mwanzoni mwa miaka ya 1980, na baadaye Microsoft ikaikuza ndani ya Windows. Mwaka 1992 Andrew Tridgell, akiwa Canberra, Australia, alitoa programu iliyokuja kuitwa Samba, ambayo leo huziunganisha kompyuta za Linux na za Windows.

Folda isipoonekana, ruta ndiyo hulaumiwa kwanza, mara nyingi kwa kuonewa. Fundi mzoefu huandika anwani ya IP moja kwa moja, kwa mfano \\192.168.1.10. Ikifunguka, tatizo ni la majina tu. Ikigoma, huenda Windows imeuchukulia mtandao kuwa wa umma na kufunga poti 445 inayotumiwa na SMB.

Nenosiri nalo husumbua: PIN ya kuwashia kompyuta haikubaliki kupitia mtandao, linahitajika nenosiri la akaunti yenyewe.

Kisa kigumu zaidi ni cha SMB1, toleo la kwanza la SMB. Mei 2017 kirusi WannaCry kilisambaa duniani kupitia udhaifu wa toleo hilo, na baadaye mwaka huohuo Windows 10 ikaacha kuiweka kwenye usakinishaji mpya. Ndiyo maana skana ya zamani inaweza kushindwa ghafla kutuma nyaraka kwenye kompyuta mpya. Wapo wanaoirudisha SMB1 ili kazi iende, jambo la hatari; afadhali kusasisha programu ya skana, au kutuma nyaraka kwa baruapepe.